Kijivu Ibaki Nje

Mama Hawa, mke wangu,

Hawa anasema barua inaanza na "mpendwa". Sikukuita hivyo ukiwa hai, na ungecheka. Basi, Mama Hawa tu.

Naandika kwa daftari lake la zamani la shule. Mkono wangu unaujua, umezoea beleshi, kwa hiyo nitaandika fupi. Hawa anataka nikimaliza awasomee watu wako, hawa wa hapa Mafubira, Jinja, na wale wa kwenu Malukhu, Mbale. Awasomee. Aibu yangu wote waliiona ukutani miaka mingi, sasa nifiche nini?

Habari nzuri ni moja. Mtoto wako ameposwa. Kijana wa Mbale, anauza vipuri vya pikipiki, anaswali, haongei sana. Wazee wake walikuja Jumapili. Zingine zote ni uchafu, na uchafu wenyewe ni ukuta.

Unajua ukuta gani.

Ilianza wiki tatu kabla ya wageni. Hawa akaja na simu, akaniwekea puani.

"Baba, angalia. Siku hizi sebule inakuwa na ukuta mmoja wa kuonyesha. Zile kuta tatu unaziacha nyeupe, huu mmoja unaupa rangi yake."

"Wa kuonyesha nani?"

"Wageni."

"Wageni wanakuja kukuona wewe au ukuta?"

"Wataona vyote viwili, Baba. Na mimi sitaki waone hicho."

Akauonyesha kwa kidevu, kama mtu anaonyesha panya aliyekufa. Nilitaka kumkaripia. Lakini ukuta ule niliuharibu mimi.

Akaleta fundi wa rangi, Waiswa, mtu wa tumbo kubwa na viatu vya ngozi. Fundi wa rangi na viatu vya ngozi! Hata tone moja hakuna juu yake. Nikajua huyu anapaka kwa mdomo. Kwa kuwa nimemsalimia kwa Kiswahili, lugha ya askari huku kwetu, akaanza kuniita afande. Afande, afande. Mimi maisha yangu yote silaha niliyoshika ni beleshi.

Akafungua kitabu cha rangi kwa meza yako. Vijikaratasi vidogo, kila kimoja na rangi yake na jina lake, kama watoto wa madrasa. Kijivu peke yake zilikuwa ukurasa mzima. Moja inaitwa Ukungu wa Asubuhi. Nyingine inaitwa Njiwa Amelala. Nikaziangalia. Mama Hawa, ni kitu kimoja! Ni maji ya kuoshea sufuria, umeweka kwa mabakuli kumi na mbili.

"Hii ndiyo iko juu sana, afande," Waiswa akasema, na rangi kwake ni langi. "Langi ya simenti. Ukimaliza kupaka, ukuta inakaa kama simenti tupu."

"Kama haijapakwa?"

"Eeh! Kama haijapakwa kabisa."

"Kwa hiyo nakulipa upake, ili ionekane hujapaka."

"Ndiyo mtindo, afande. Matajiri wote ya huko ng'ambo ya mto wanataka hiyo."

Hawa akasema, "Baba, usimchoshe fundi. Mimi nataka kijivu."

Nikakifunga kile kitabu. Nimebeba simenti tangu sijaota ndevu. Iko kwa nywele, iko kwa kucha, iko kwa mapafu. Asubuhi nikikohoa natema kijivu. Mifuko mingapi imepita kwa shingo hii, Mungu ndiye anajua. Halafu nirudi nyumbani, nikae kitako, niiangalie tena simenti kama picha?

Nikatoka nje. Nikakaa kwa ile jerikeni yako mlangoni.

Unakumbuka ile siku ya kwanza? Mimi nakumbuka. Nilikuwa nashusha simenti kwa duka la jumla pale Mbale, mvua imenyesha kidogo, vumbi limenishikilia mwili mzima na kuganda. Wewe ukapita na mama yako, mmebeba kawa za kuuza, zile za kufunikia chakula, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ukasimama mbele yangu. Mimi nimesimama nimeegemea ukuta, napumua. Ukauliza kwa sauti, watu wote wasikie:

"Wewe ni mtu au ni plasta?"

Wapagazi wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha mfuko. Mimi niliona macho yako tu, na ile kawa ya juu kichwani kwako, yenye mistari ya zambarau. Sijawahi kuona zambarau kama ile. Mama yako alichemsha ukindu mwenyewe na dawa ya rangi, kwa sufuria ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kupikia kitu kingine.

Uliponifuata huku Jinja ulileta nguo zako, Qurani yako, na hiyo kawa. Na sheria moja. Siku ya kwanza nimerudi kazini, ukasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kijivu ibaki nje."

Jerikeni ya maji ilikuwa hapo tayari, na kipande cha sabuni juu yake. Kila siku. Mvua, jua, nimechoka, naumwa. Siku ya harusi ya dada yangu nilikuja mbio, wageni wamejaa, nikataka kupita tu. Ulinizuia mbele ya wote. "Oga kwanza, ndiyo uwe mume wangu." Nilikasirika sana siku ile. Nilioga.

Sasa mtoto wako anataka kijivu ipite mlango na kupanda ukutani.

Lakini nisijifanye. Wewe uliniomba rangi. Uliniomba mapema, hata Hawa hajazaliwa. Ulishika ile kawa juu ya ukuta ukasema, "Baba Hawa wa kesho, nataka ukuta huu hivi. Zambarau. Kopo moja tu, nikae nikiangalia kwetu." Nikasema ndiyo. Ndiyo ni neno rahisi, halina uzito wa mfuko.

Sikuleta. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha. Halafu Hawa yuko darasa la nne, Idi inakuja, na baba yako amesema atasali Jinja. Ukaniambia, "Baba yangu anakuja. Ukuta." Hilo tu. Pale kazini walikuwa wanatupa makopo yenye rangi ya mwisho mwisho, iliyobaki chini. Nikaokota nyekundu. Nikaokota bluu. Nilisikia mafundi wakisema nyekundu na bluu zinazaa zambarau. Nikaja nazo nyumbani kama mtu ameua simba.

Mimi kibarua wa nyumba, miaka kumi na kitu kwa kazi ya ujenzi, nikachanganya rangi ya mafuta na rangi ya maji kwa ndoo moja. Hata mtoto anajua hazikai pamoja. Ikaganda kama maziwa yaliyochacha. Nikaona haitoshi, nikaongeza njano. Ikawa, samahani kwa watakaosomewa, ikawa matapishi ya paka. Wewe ukaingiza kidole, ukakiangalia, ukaniangalia.

"Hii ni zambarau?"

"Bado mbichi. Ikikauka itageuka."

"Itakauka?"

"Itakauka."

Tukapaka wote wawili. Wewe juu ya stuli, mimi chini. Haikukauka. Siku ya Idi ilikuwa bado inanata kama asali. Baba yako akaingia na kanzu yake mpya nyeupe, akasalimia, akakaa, akaegemea. Akala pilau yote ameegemea. Alipotaka kuinuka kwenda kuswali adhuhuri, hakuinuka. Kitambaa kilivutika, tukasikia kraa! Akasema polepole:

"Mkwe, nyumba yako imenishika."

Nilitaka ardhi ipasuke. Wewe ulikimbilia jikoni. Nikadhani unalia. Nikakufuata. Ulikuwa umekaa chini, umejiziba mdomo na leso, unacheka mpaka machozi yanashuka shingoni. Ukaniambia, "Itakauka, Baba Hawa, itakauka," ukaanza tena. Baba yako alirudi Malukhu na matapishi ya paka mgongoni. Kila mahali taxi iliposimama watu walimwambia, "Mzee, umepakwa nini?"

Ile sehemu aliyobandua ilibaki kama kidonda. Ukachukua kawa yako ukaitundika juu yake, ukaifunika. Hukuwahi kunisimanga. Mimi nikachukua kunyamaza kwako kama ruhusa. Hilo ndilo linanichukiza leo kuliko kijivu ya Waiswa.

Halafu sukari ikakushika. Halafu mguu. Chumbani kulikuwa na joto, tukakitoa kitanda chako tukakiweka sebuleni, ili upate hewa ya dirisha. Nani alichagua upande? Mimi. Nilikulaza umeelekea ule ukuta. Sikufikiri hata kidogo. Miezi mitano, Mama Hawa, ukifungua macho ni matapishi ya paka.

Na miezi ile mimi nilikuwa kazi gani? Hili hukulijua, nakuambia sasa. Tulikuwa tunamalizia nyumba ya tajiri kando ya mto. Mke wake alikuwa na ukuta kama huu anaoutaka Hawa. Akapaka kijani, akaikataa. Akapaka nyingine, akasema inampa huzuni. Mara nne ulipakwa ukuta ule. Nani alikuwa anabeba makopo juu ya ngazi? Mume wako. Mara nne kwa mwanamke sijui hata jina lake. Halafu narudi, naoga kwa jerikeni, naingia, na wewe unaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba Hawa, ile zambarau?"

"Wiki ijayo."

Ukauliza mara ya pili. Nikasema, "Harufu ya rangi itakudhuru, daktari amekataa." Daktari hakusema hivyo. Niliitunga pale pale nimesimama. Nilikuwa nimechoka, na sikutaka kushika brashi nyumbani. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana. Ukasema, "Sawa." Mara ya tatu hukuuliza.

Najitemea mate nikikumbuka hiyo sawa.

Turudi kwa Hawa. Akapaka vipande vya majaribio ukutani, vitano, kila kimoja ukubwa wa sahani. Vijivu vitano. Ukuta ukawa kama mgonjwa wa ngozi. Mdogo wako Rukia akafika kutoka Malukhu, kabla hata ya kuvua viatu akaanza.

"Hii nini? Hawa, unaposwa au unazikwa?"

"Mama Mdogo, ni mtindo."

"Mtindo wa nani? Wakwe wataingia wadhani nyumba haijaisha. Paka rangi ya maziwa, mtu akae ale."

"Rangi ya maziwa iko kila kliniki."

"Na hii iko kila choo cha shule!"

Waiswa akasema, "Nyabo, mama yangu, tunaweza kuchanganya zote mbili."

"Wewe na hivyo viatu, nyamaza."

Nilimpenda Rukia dakika ile. Lakini Hawa hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. Amechukua macho yako yule mtoto. Akasema, "Baba, sema." Na mimi nikalipuka. Nikamwambia mama yake aliikataa kijivu mlangoni miaka yote, kwamba haikuwahi kupita mlango huu hata kwa unyayo, na sasa mama hayupo ndiyo anaileta ndani. Nikasema anaona aibu na sisi. Nilisema na mengine, siyaandiki.

Hawa hakulia. Akachukua kijikaratasi kimoja kwa meza, ile Njiwa Amelala. Akaenda ukutani, akaiweka juu ya mstari mmoja wa kawa yako.

"Baba. Hii ndiyo rangi ya Mama."

Nikasogea. Rukia naye akasogea. Ilikuwa ni ile ile. Huwezi kuona karatasi inaishia wapi na mstari unaanzia wapi.

Jua la dirisha, Mama Hawa. Jua la jioni, kila siku, tangu ile Idi. Limekula zambarau yote polepole na kuacha kijivu, na mimi napita hapo kila siku na sikuona. Machoni kwangu ilikuwa bado ile ya Mbale, ya kichwani kwako. Mtoto amekua akiona kijivu. Kwake, kijivu hiyo ni mama. Aliitafuta ukurasa mzima mpaka akaipata, ili siku anaposwa na wewe uwe umekaa nyuma yake. Na mimi nimemwita mtu wa aibu.

Nikaitoa kawa kwa msumari. Nikaigeuza. Upande wa ndani, uliokuwa umelala juu ya kidonda cha ukuta, haujaona jua hata siku moja.

Zambarau. Mbichi. Kama mama yako ameitoa kwa sufuria leo.

Hawa akaishika kwa mikono miwili. "Hii?"

"Hiyo ndiyo aliniomba."

"Lini?"

Nikamwambia lini. Nikamwambia yote, na uongo wa daktari nikausema, Rukia akiwa amesimama hapo. Rukia akageukia dirisha. Hawa akapitisha kidole kwa ukindu. Halafu akasema, "Mimi hii siijui, Baba. Yule mama ninayemjua mimi ni wa kijivu."

"Basi paka kijivu. Umekuja nayo kwa haki."

"Hapana. Mimi naolewa, nakwenda Mbale. Wewe ndiye utabaki na ukuta." Akanirudishia kawa. "Paka ya kwako. Na upake mwenyewe."

Waiswa nikampa kazi moja tu, alete zambarau ya maji, kopo zima, isiyochanganywa na kitu. Akasema, "Afande, hiyo langi haiko kwa mtindo." Nikamwambia ndiyo maana.

Kukwangua nilifanya peke yangu. Ile rangi yetu ya zamani ilitoka kama ngozi, vipande virefu, laini kwa nyuma, na harufu yake bado mbaya. Nikakumbuka mguu wako nilipokuwa nabadilisha bandeji. Nikatoka nje nikatapika. Nikarudi. Nikapiga msasa. Nikapaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa brashi, kona zote, chini ya dirisha, nyuma ya mlango ambapo hakuna mtu atapaona. Sijawahi kupaka vizuri hivyo kwa mtu yeyote.

Sasa nakuambia ukweli, mke wangu, maana wewe na mimi tumezoeana.

Ni mbaya.

Ni mbaya sana! Kwa kawa ilikuwa nzuri kwa sababu ni mistari, imekaa katikati ya nyeupe na njano, kidogo kidogo. Kwa ukuta mzima ni ulimi wa mtoto aliyeshinda juu ya mti wa zambarau. Unaingia ndani unasikia umemezwa. Chai inaonekana kama damu. Hawa alisimama mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga. Rukia alikaa, akainuka, akakaa tena, akasema, "Itakauka, itatulia."

Imekauka. Haikutulia. Imezidi.

Jumapili wageni wakaja. Baba wa kijana, mzee mrefu mwenye kanzu nyeupe, nikaona anakwenda kukaa pale pale baba yako alipokaa. Nilitaka kumzuia. Nikachelewa. Akakaa, akaegemea, akageuza shingo polepole akauangalia ukuta kutoka juu mpaka chini.

"Hii rangi, nani alichagua?"

"Mke wangu."

"Yuko jikoni?"

"Ametangulia."

Akasema Inna lillahi. Nikaona Hawa amekaza leso mkononi. Mzee akauangalia ukuta tena.

"Marehemu," akasema, "hakuwa mtu wa kuogopa watu."

Rukia ndiye alianza kucheka. Halafu mama wa kijana. Halafu mzee mwenyewe, halafu mimi, nimeshika mbavu, machozi yananishuka kama yako siku ile jikoni. Mambo ya posa yakaenda vizuri baada ya hapo, kama watu waliojuana zamani. Wamempenda mtoto wako. Walipoinuka kwenda kuswali, nilibaki nyuma kwa makusudi, nikamwangalia yule mzee mgongoni.

Safi. Nyeupe kabisa.

Imekauka, Mama Hawa.

Hawa anakwenda baada ya nikahi. Kawa nimempa yeye, upande wa kijivu ukiangalia nje, kama anavyoijua. Ameniuliza kama nataka Waiswa aje apake nyeupe juu, akiona jinsi ninavyokunja uso kila nikiingia. Nimekataa. Kitanda chako nimekirudisha sebuleni, pale pale, kimeelekea pale pale. Nalala hapo sasa. Nikifungua macho ni zambarau, inaniuma macho. Wewe ulivumilia ya kwangu miezi mitano bila neno. Mimi nitavumilia ya kwako mpaka nitakapokufuata.

Lala salama. Jerikeni bado iko mlangoni, na mimi bado naoga kwanza.

Mume wako,
Baba Hawa